Paa la Korona: Sanaa ya Kujenga Viwanda vya Mkonge Katika Korogwe na Handeni

Waandishi washikapo kalamu kueleza majengo ya kale ya Tanganyika, kwa kawaida huelekea pande tatu: misikiti na majumba ya mawe ya pwani, maboma ya Wadachi, na makanisa ya misheni. Kila moja la majengo hayo lina haki yake ya kutazamwa. Walakini mtu asafiriye kutoka Segera kwenda Korogwe, akafuata reli mpaka Mombo, huona kwamba majengo makubwa ya nchi hiyo si boma wala kanisa. Ni mabanda marefu ya mabati, yaliyosimama juu ya nguzo katikati ya bahari ya mkonge, kila moja na mfereji wake wa maji, reli yake ndogo, na uwanja wake wa nyaya za kuanikia. Wenyeji huyaita korona. Wasomi wa sanaa ya kujenga hawajayapa jina lolote.

Jina la korona lenyewe ni somo. Corona lilikuwa jina la mashine ya kuchunia majani ya mkonge, miongoni mwa mashine zilizotengenezwa na kampuni ya Krupp-Grusonwerk ya Magdeburg katika Ujerumani. Mashine ilikuja na jina lake, jina likashika jengo zima, kisha likashika hata mahali. Mtu akasema anakwenda korona kama asemavyo anakwenda sokoni. Nyumba nyingine za Waswahili hupewa majina ya wenyeji wake au ya kazi za watu waliomo. Nyumba hii ilipewa jina la chuma kilichomo. Nao watu walioletwa kuitumikia chuma hiyo waliandikwa kwa hesabu, wakaitwa manamba, yaani watu wa nambari. Mashine ilipata jina la kuitwa, na mtu akapata tarakimu. Mwenye kutaka kuijua sanaa ya kujenga ya mashamba haya yafaa aanze na maneno hayo mawili, kwa maana ndani yake mna ramani yote ya shamba.

Wako wasemao kwamba korona si jengo la kuhakikiwa. Hoja yao ni kwamba jengo la kiwanda ni kifuniko cha mashine tu. Halikubuniwa na fundi wa sanaa, halina pambo, wala halikusudiwa kumpendeza mtu. Basi lahesabiwa pamoja na zana, kama jembe au toroli. Hoja hii ina ukweli kidogo na kosa kubwa. Kosa lake ni kudhani kwamba pasipo pambo hapana maana. Kujenga ni kugawanya: kugawanya kivuli na jua, maji na ukavu, ukaribu na umbali, kilicho cha kudumu na kilicho cha kupita. Jengo lisilo na pambo lagawanya kwa uwazi zaidi kuliko jengo lililopambwa, kwa sababu halina nguo ya kujifunika.

Ili kufahamu mgawanyo huo, hapana budi kurudi nyuma kidogo, kabla ya mkonge, mpaka siku za sukari. Katika karne ya 19, kingo za mto Pangani, juu kidogo ya mji wa Pangani, zilijaa mashamba ya miwa ya Waarabu na watu wa pwani. Miwa ilishindiliwa vinuni, maji yake yakachemshwa katika masufuria makubwa, na sukari na asali ya miwa zikapakiwa majahazini. Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, yule aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wadachi katika mwaka 1888, akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Vita hivyo vilipata mshairi wake: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Vinu vya miwa, vilivyokuwa sehemu ya utajiri uliogombewa, havikupata mshairi. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyoendelea kuwa: kazi ya kiwanda haiimbwi.

Miwa yafaa kutajwa hapa kwa sababu ndiyo iliyotangulia kuwafundisha watu wa bonde hilo kanuni ya zao lisilongoja. Muwa uliokatwa ukilala, utamu wake hupungua. Basi kinu hakina budi kuwa karibu na shamba. Tena muwa una uzito mwingi na sukari chache, kadiri ya sehemu moja kwa kumi. Kuubeba mbali ni kubeba maji na makapi. Mtaalamu wa Kimarekani Sidney Mintz, katika kitabu chake cha mwaka 1985 juu ya sukari, alionyesha ya kuwa shamba la miwa la visiwa vya Karibi lilikuwa kiwanda kabla Ulaya yenyewe haijawa na viwanda vingi: lilikuwa na saa, zamu, amri, na watu waliogawanywa kwa kazi zao. Shamba na kiwanda vilikuwa kitu kimoja. Jambo hilo la Karibi lilikuwa kweli pia, kwa kadiri yake, katika Pangani, ambako walioshika panga na kinu walikuwa watumwa.

Mkonge ulipofika ulikuta mlango umekwisha funguliwa. Katika mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Wadachi ya Afrika Mashariki, alipokea miche aliyoiagiza kutoka Florida. Ilitoka miche 1,000. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, jirani na nchi ile ile ya miwa. Kutoka katika miche hiyo 62 lilitoka zao ambalo katika mwaka 1913 lilisafirishwa karibu tani 21,000, na katika mwaka 1964 likafikia tani 230,000 hivi, kiasi kilichoiweka Tanganyika mbele ya nchi zote za ulimwengu kwa mkonge.

Mkonge nao haungoji, na haukubali kubebwa mbali. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi kavu hazizidi kilo nne au tano. Yaliyobaki ni maji na machicha. Jani likikaa siku mbili tatu baada ya kukatwa, hukauka, na kuchunwa kwake huwa kugumu. Kwa hiyo kiwanda kiliwekwa katikati ya shamba, na shamba likapimwa kwa umbali ambao reli ndogo yaweza kuleta majani siku ile ile. Juu ya hayo, mashine hutaka maji mengi ya kuoshea nyuzi na kuondolea machicha. Ndiyo sababu korona zilipangwa kama shanga kwenye mito: Pangani wenyewe, Lwengera, Mkomazi, na vijito vishukavyo kutoka milima ya Usambara. Reli kubwa iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Maji na reli vilipokutana, mashamba yalizaliwa. Majina ya Magunga, Ngombezi, Hale, Mwelya, Magoma, Kwamdulu na Mazinde yakawa majina ya korona kabla ya kuwa majina mengine yoyote katika fikira za mgeni.

Mazinde yastahili neno lake. Hapo palikuwa makao ya Semboja, mtawala wa Kikilindi, ambaye habari zake zimo katika Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi l-Ajjemy. Semboja alichagua mahali hapo chini ya mlima kwa sababu njia ya misafara ilipita mlangoni pake; mji wake ulitazama barabara, ukalisha na kutoza wapitao. Shamba la mkonge lilichukua bonde lile lile na njia ile ile, lakini likageuza uso wa mahali. Mji wa Semboja ulielekea kwa watu waliokuwa wakipita. Shamba lilielekea kwa mashine.

Sasa na itazamwe korona yenyewe, jinsi ilivyojengwa kwa kawaida. Majani huingia upande wa juu, yakiwa yamefungwa mizigo ya majani 30, na hupangwa kwenye meza ya kulishia. Mnyororo huyashika katikati na kuyapitisha kwenye ngoma mbili za chuma zenye visu butu. Ngoma ya kwanza huchuna nusu ya jani, ya pili huchuna nusu iliyobaki, na maji humwagika wakati wote. Nyuzi hutokea upande wa pili zikiwa nyeupe zenye kijani, huchukuliwa nje kuanikwa juani, hurudi ndani kupigwa brashi, huchaguliwa kwa daraja, kisha hushindiliwa marobota ya kilo 250. Jengo lote lafuata mwendo huo. Sakafu yainama pale maji yanapotakiwa kutoka. Paa lapanda juu ya mashine na kushuka juu ya marobota. Ukuta wapatikana pale tu ambapo nyuzi kavu hazitakiwi kuguswa na mvua. Penginepo pako wazi.

Hapana haja ya kukana kwamba jengo la namna hii lina uzuri. Paa refu la mabati, lililoinuliwa kati ili joto litoke, hutoa kivuli ambacho ukumbi wowote wa serikali ungekionea wivu. Nguzo zake ni nyembamba na zimepangwa kwa hesabu iliyo wazi. Hewa hupita. Hakuna kilichowekwa bure. Mwenye kupenda ukweli katika ujenzi atasema kwamba korona haisemi uongo: atazamaye kwa nje ajua lililomo ndani. Lakini swali la mhakiki haliishi hapo. Baada ya kuuliza kama jengo lasema kweli, yafaa aulize kweli hiyo ni ya nani. Kivuli kile kilipimwa kwa ajili ya mashine. Upande uliachwa wazi ili majani yaingie, na upepo ulikuja kama mgeni asiyealikwa. Ushahidi wake ni chumba cha brashi: hapo nyuzi kavu hutoa vumbi jingi, na hapo ndipo mtu angehitaji hewa kuliko penginepo, bali kwa kuwa nyuzi zilihitaji ukavu, hapo ndipo kuta ziliposimama. Pale ambapo faida ya jani na faida ya mtu zilikwenda pamoja, mtu alipata kivuli na upepo. Pale zilipoachana, jengo lilifuata jani.

Kutoka korona, mpango wa shamba ulienea kwa madaraja. Nyumba ya meneja ilikaa juu ya kilima, na baraza pana na bustani, mahali ambapo jicho hufika kiwandani na moshi wa kiwanda haufiki barazani. Chini yake zilikuwa nyumba za mafundi na makarani, ambao wengi wao walikuwa Waasia, kila kundi na safu yake. Mbali zaidi, mara nyingi kwenye ardhi isiyofaa kwa mkonge, ilikuwa kambi ya manamba. Katika miaka ya kwanza kambi hizo zilikuwa za miti, udongo na nyasi, mara nyingi zimejengwa na manamba wenyewe. Baadaye yakaja majengo marefu ya matofali yaliyogawanywa vyumba kama sanduku lenye matabaka. Ukuta wa matofali wakati huo ulihesabiwa kuwa maendeleo, na kwa mvua ulikuwa maendeleo. Kwa familia haukuwa. Chumba kilipimwa kwa mwili wa mwanamume mmoja aliyelala.

Hapa ndipo hesabu ya kudumu na kupita inapoonekana wazi. Msingi wa mashine ulikuwa saruji. Nguzo za paa zilikuwa chuma. Nyumba ya meneja ilikuwa mawe au matofali. Kitanda cha mkata mkonge kilikuwa chini ya nyasi. Katika shamba moja, mtu angeweza kusoma thamani ya kila kiumbe kwa kutazama kilichotumika kumjengea.

Mtetezi wa zamani hizo angejibu hivi: mashine hutetemeka, hivyo yahitaji saruji, manamba alikuwa mtu wa kupita, hivyo alihitaji nyumba ya kupita, tena alipenda nyumba mfano wa zile za kwao. Jibu hilo lataka kupimwa kwa haki. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Hakuna mhakiki awezaye kulalamika kwamba chuma kizito kiliwekwa juu ya msingi imara. Sehemu ya tatu huenda ilikuwa kweli kwa baadhi ya watu. Bali sehemu ya pili yazunguka kama ng'ombe wa kinu. Manamba alikuwa mtu wa kupita kwa sababu gani? Kwa sababu mkataba wake ulikuwa wa muda, mshahara wake ulikuwa wa mtu mmoja, na chumba alichopewa hakikuwa na mahali pa mke wala jiko. Chumba kilimfanya mpitaji, kisha upitaji wake ukatumiwa kuwa sababu ya chumba. Ujenzi haukufuata tabia ya mfanyakazi, bali ulishiriki kuitengeneza.

Mpango huo ulikuwa na taasisi zake. Kipande, kile karatasi cha siku 30 za kazi, kilihesabu siku iliyofanywa na kuiacha siku ya kupumzika bila hesabu. Idara ya Kazi iliyoundwa mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne ilijaribu kutazama afya na safari za wafanyakazi, lakini iliondolewa mwaka 1931 fedha za serikali zilipopungua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya Wajapani kuzitwaa Ufilipino na visiwa vya Waholanzi vilivyotoa nyuzi, Waingereza waliuhitaji mkonge wa Tanganyika hata wakalazimisha watu kuufanyia kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikia wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ikaleta watu kutoka mikoa ya mbali na hata nchi za jirani. Kila hatua ya hizi ilikuwa pia hatua ya ujenzi, kwa sababu kila mtu aliyeandikwa alihitaji mahali pa kulala njiani na mahali pa kulala afikapo.

Kwa hiyo historia ya korona haikomei kwenye uzio wa shamba, na hapa ndipo Handeni inapoingia. Mtu akitafuta viwanda vya mkonge katika Handeni, atapata vichache, kama kule Kabuku. Nchi ya Uzigua ni kavu, na mito yake mingi hukatika kiangazi. Akihesabu mapaa ya korona, ataandika kwamba Handeni haina sehemu kubwa katika historia hii. Ataandika kosa. Tangu siku za sukari, Uzigua ulikuwa ghala ya mashamba ya watu wengine. Nafaka yake ilishuka pwani katika karne ya 19. Na katika njaa ya miaka ya 1830, watu wake wenyewe walishuka pwani wakauzwa. Walipokuja Wadachi na kisha Waingereza, Handeni ikawa nchi ya boma na kodi, na njia ya kwenda Korogwe ikapita katikati yake. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya nchi hiyo, ameonyesha jinsi nguvu za watu wa Uzigua za kuitawala ardhi yao na kuwazuia mbung'o zilivyodhoofika chini ya ukoloni, na jinsi njaa zilivyorudi, ikiwamo ile ya 1932 hadi 1935.

Yafaa kulitafakari jambo hilo kwa macho ya mjenzi. Chumba cha manamba hakikuwa na mahali pa mke, mtoto, mzee wala mgonjwa. Lakini mke, mtoto, mzee na mgonjwa walikuwapo. Walikuwa katika nyumba za udongo za Handeni, za Songea, za Kigoma na kwingineko. Na nyumba hizo, na mashamba yaliyozizunguka, na majembe ya wanawake walioyalima, vilibeba gharama ambayo kiwanda kilikataa kuibeba. Kwa maana hiyo nyumba ya Mzigua ilikuwa chumba cha korona, kilichojengwa maili nyingi mbali na paa lake na bila senti ya mwenye shamba. Ramani ya kiwanda inayoonyesha banda, kambi na nyumba ya meneja peke yake ni ramani iliyokatwa. Sehemu iliyokatwa ni Handeni.

Vitabu vya mkonge vimechangia kukata huko, pasipo nia mbaya. Kitabu cha G. W. Lock kilichotoka mwaka 1962, kazi ya mtaalamu aliyeutumikia utafiti wa mkonge huko Mlingano kwa miaka mingi, ni hazina kwa mtu atakaye kulijua zao hilo. Lakini safari yake ni safari ya mmea, kutoka kitalu mpaka robota, kama ilivyo haki ya mtaalamu wa kilimo. Kosa si la mwandishi huyo. Kosa ni la wanaokuja baadaye, wakachukua safari ya jani kuwa ndiyo historia nzima ya jengo. Jani lina njia moja ndani ya korona. Mtu alikuwa na njia mbili: ya kuingia kazini, na ya kurudi kwao.

Na wengine hawakurudi. Hili ndilo jambo ambalo ramani za wenye mashamba hazikulitazamia, na ndilo linaloipa historia hii heshima yake. Waha, Wamakonde, Wanyamwezi na wengineo walibaki Korogwe. Walioa, walizaa, walizika wafu wao. Pembeni mwa safu za matofali walipanda migomba na miembe. Waliongeza vibanda vya kupikia vilivyoziba uwazi wa kambi. Walisimamisha misikiti midogo na makanisa ya udongo, na viwanja vya ngoma. Makabila yaliyotengwa kwa safu yalikutana katika Kiswahili. Kambi iliyobuniwa isimwoteshe mtu mizizi iliota watu. Migomo ya mwaka 1958, ukiwamo ule wa Mazinde, iliwezekana kwa sababu katika zile safu za wapitaji palikuwa pameumbika watu wanaojuana, wenye sauti moja na chama kimoja. Kwa kipimo cha walioijenga, kambi ilishindwa. Kwa kipimo cha waliokaa ndani yake, kushindwa huko ndiko kuliko kuwa kujenga.

Baada ya Azimio la Arusha, katika mwaka 1967, Serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Bendera ilibadilika na meneja alibadilika. Ila kilima, banda na kambi vilibaki palepale. Hili ni fundisho kwa kila anayedhani kwamba mwenye jengo akibadilika, jengo hubadilika. Nyuzi za viwanda vya kemikali zilikuwa zimekwisha anza kuvunja bei ya mkonge. Uzalishaji ukaanguka mwaka hata mwaka, na mwishoni mwa karne ulikuwa chini ya tani 30,000. Katika miaka ya 1990 mashamba yalirudishwa mikononi mwa watu binafsi, na tangu mwisho wa miaka hiyo wakulima wadogo wamekuwa wakipewa sehemu za mashamba hayo, wakapanda mkonge wao na kuupeleka korona kuchunwa. Huko Hale, katika mwaka 2008, kilizinduliwa kiwanda cha majaribio cha kutoa umeme wa kilowati 150 kutokana na machicha yaliyokuwa yakimwagwa. Jani, ambalo kwa zaidi ya miaka 100 lilithaminiwa kwa sehemu yake ndogo, likaanza kupewa thamani kwa sehemu yake kubwa.

Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yanavyoonekana katika hesabu za tani. Mkulima mdogo aletaye majani yake huja korona kama mteja, wala si kama nambari. Na jengo lililobuniwa kwa ajili ya mwenye mali mmoja sasa halina budi kuwahudumia wengi. Je, lina mahali pa wao kungojea, kupima, kubishana bei, kukutana? Korona za kale hazikuwa na chumba cha mazungumzo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Wajenzi wa leo watakaozitengeneza upya wana kazi ya kuongeza chumba hicho, na hiyo itakuwa sanaa ya kujenga kwa maana yake yote.

Lakini palipo na korona zilizofungwa, wakati unafanya uchaguzi wake mwenyewe. Mabati hung'olewa, chuma huuzwa kwa uzito. Katika vitu visivyobebeka, vinavyodumu ni vile vilivyojengwa vidumu: msingi wa saruji wa mashine, na kuta za nyumba iliyo kilimani. Kambi za udongo zimekwisha rudi udongoni. Basi kizazi kijacho, kikisoma nchi ya Korogwe kwa mabaki yake, kitasoma historia ambayo wenye mashamba waliiandika kwa vifaa vyao: kwamba hapa palikuwa na mashine, na hapa palikuwa na bwana. Nyasi haziachi gofu. Asiyejengewa kwa jiwe hufa mara mbili, mara moja kwa mwili na mara ya pili kwa kumbukumbu.

Hiyo ndiyo sababu uhakiki wa majengo haya hauwezi kungoja wala kuachiwa wahandisi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wanaopenda kuandika juu ya lango la nakshi la Pangani wangefanya vema wafuate mto ule ule kwenda juu, wapime upana wa chumba cha kambi kama wapimavyo upana wa msikiti, wachore mahali mwembe ulipopandwa na mahali jiko lilipoongezwa, na wawaulize wazee wa Ngombezi na Magunga majina ya kila safu, kwa kuwa majina hayo hayamo katika ramani yoyote. Kisha wavuke kwenda Handeni wakaitazame nyumba ya udongo kama sehemu ya kiwanda. Wasipofanya hivyo, watakuwa wameandika historia ya paa wakaiacha historia ya waliokaa chini yake.

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Korona haina mlango: pande zake zi wazi, na kila apitaye barabarani huiona yote kwa mara moja, akadhani ameijua. Chumba chake cha ndani kabisa ki mbali na hapo, katika Uzigua, mahali ambapo mtu aliacha jembe kwa mkewe, akafunga mzigo wake, akashika njia ya Korogwe.